Mwaka Niliopanda Paa la Kombi

Zaituni amezikwa Ijumaa, baada ya swala ya mchana, na tangu nirudi kutoka msibani Kaloleni sijasema neno la maana hapa nyumbani. Wajukuu wanadhani naumwa. Siumwi. Nilikuwa natafuta mahali pa kuanzia, na leo nimepapata. Mjukuu wangu Baraka, ambaye ndiye anayeandika maneno haya kwa kuwa mimi sikuwahi kukanyaga darasa, amenunua gari lenye kitanda na jiko ndani yake, la kukodisha kwa watalii. Ameliegesha katika ua wetu huu wa Njiro, na tangu asubuhi yuko juu ya ngazi akifunga kivuli cha turubai kwenye ukingo wa paa, kile kinachotoka ndani ya kasha lake kwa kuzungusha mkono wa chuma na kurudi ndani kwa kuzungusha vilevile. Nimemwambia ateremke, anawe mikono, aketi. Amenijibu, "Bibi, zimebaki skrubu chache tu." Neno hilo ndilo lililonifanya nimteremshe. Kazi yake itaendelea akishaisikia habari hii mpaka mwisho, naye ataiandika kama ninavyoisema, bila kunipamba na bila kunirekebisha. Habari za wazazi wangu na za migomba yao sitazisema. Wapo wa kuzisimulia. Nitasema habari za mwaka mmoja.

Mwaka huo wasichana wa rika langu kule mlimani walikuwa wamekwisha kuolewa, nami nilikuwa Kaloleni nikishona turubai. Karakana ya Mzee Rajabu ilikuwa chumba kirefu chenye bati juu na saruji laini chini, na sakafu yake ilikuwa safi kuliko meza za watu wengi, kwa sababu turubai hukatiwa chini, na chembe moja ya mchanga ikiingia katika mshono hukaa humo ikitafuna uzi kidogo kidogo kama panya. Aliyeingia na viatu alifukuzwa, awe mteja au awe shekhe. Mzee Rajabu alikuwa mtu wa Pangani, mrefu, mkavu, mwenye sauti ndogo ambayo mpaka wakati huo hakuna aliyekuwa amewahi kuisikia ikipanda, na kwa sababu haikupanda tuliiogopa zaidi. Alinifundisha kuupaka uzi nta, kuvaa ngozi kiganjani ili kuisukuma sindano nene, na kukunja pindo mara mbili pale ambapo wengine hukunja mara moja. Hakuwa na maneno mengi, lakini moja alilirudia kila tulipofunga kitu juu ya mlango wa duka au juu ya gari: "Kitu kinachoning'inia juu ya vichwa vya watu hakishikwi na bati. Kinashikwa na kile kilicho nyuma ya bati." Maana yake ni kwamba bolti hupita mpaka ndani, na huko ndani huwekwa bamba la chuma, na nati hukazwa juu ya bamba. Skrubu iliyouma bati peke yake, alisema, ni kama mtu aliyeshika nguo ya mwenzake badala ya kumshika mkono.

Tulilala uani kwa karakana hiyohiyo, mimi na Zaituni, katika chumba chenye kitanda kimoja na dirisha lililotazama moshi wa jirani. Ukuta mmoja ulikuwa wa mbao, na nyuma ya mbao hizo ndiko Mzee alikopokea wateja, hata tukawa tunasikia kila kikombe kilichowekwa mezani. Zaituni alikuwa mtu wa Kondoa, mwembamba, mwenye kicheko kilichomtangulia mlangoni. Alishona mapazia na mito, na mchana aliwapikia mafundi. Chakula chake kilikuwa kizuri kupita mahali pale. Aliweza kuoka mkate katika sufuria, makaa chini na makaa juu ya mfuniko, mkate unaopasuka vizuri na kunukia iliki, kisha akauweka mbele ya watu walioula wakiwa wamesimama, mkono mmoja ukiwa na nyundo. "Mwenzangu," aliniambia siku moja akinipa kipande, "ukila ukakumbuka kwenu, nirudishie. Huo si mkate wa kulilia." Mimi sikuwa mtu wa kucheka, na bado si mtu wa kucheka, lakini siku ile nilicheka mpaka nikajichoma sindano.

Ndipo akaja Bwana Temba. Alikuwa mfanyabiashara kutoka upande wa Kilimanjaro, mzee wa kanisa, mtu wa koti hata wakati wa jua. Alikuwa amenunua kombi kwa wazungu waliorudi kwao, kombi yenye kitanda cha kukunja, jiko la gesi, sinki dogo, na dari la mbao nyembamba zilizong'arishwa mpaka unajiona uso. Alilipenda dari hilo kama mtu anavyopenda jino lake la dhahabu. Kusudi lake lilikuwa kuwapeleka wageni nyuma ya Mlima Meru, upande wa Ngarenanyuki, walale humo na wale humo, na alitaka kivuli cha kukunjua ubavuni, maana upande ule hauna miti ya kutosha. Kasha la kivuli na bomba lake la kuviringia alikuwa nalo, limetoka Ulaya pamoja na gari. Turubai lake tu ndilo lililokuwa limeoza, na mabano yake, vyuma vya kulishikilia garini, yalikuwa yamekwisha. Kasha hilo lilikuwa zito. Wanaume watatu waliliinua kwa kelele, na walipoliweka chini walitazamana. Bwana Temba akapewa chai na kipande cha mkate wa Zaituni. Akatafuna, akauliza nani ameoka. Alipoonyeshwa alisema mbele ya watu wote, "Basi huyu ndiye mpishi wangu. Jiko lake litakaa chini ya kivuli, na aproni nyeupe nitaleta mwenyewe."

Sijui nieleze vipi furaha ya mtu aliyekuwa hajawahi kuchaguliwa. Zaituni hakuruka wala hakupiga kelele. Aliingia chumbani, akakaa kitandani, akaanza kunikuna mgongo bila mimi kumwomba, akitaja vyakula kimoja baada ya kingine ambavyo angewapikia wageni, na namna ambavyo wangekaa kwenye viti. Hilo alilirudia: wangekaa kwenye viti. Kwa majuma yaliyofuata nilishona turubai la kombi huku yeye akishona mapazia yake pembeni yangu, na kila nilipomaliza mshono alipitisha kidole juu yake kana kwamba ni paa la nyumba yake mwenyewe. Kwa kweli lilikuwa hivyo. Chini ya turubai lile ndipo yeye angesimama siku zote za kazi yake.

Karibu na mwisho wa kazi tulikuwa chumbani tukichambua mchele, yeye na mimi, tukasikia Bwana Temba ameketi upande wa pili wa mbao.

"Mzee Rajabu, nasikia mafundi wako wanataka kunibomolea dari."

"Hatubomoi. Tunalifungua, tunapitisha bolti, tunaweka bamba kwa ndani, tunalirudisha."

"Litarudi vilevile?"

Mzee hakuwa mwongo. Akasema, "Litarudi na alama."

"Basi haliguswi. Wekeni skrubu kutoka nje. Wageni wanaondoka Jumatatu asubuhi, na wa kwanza ndio watakaowaambia wengine."

"Skrubu zitashika bati tupu, Bwana."

"Bati la Ulaya hilo, si la banda la kuku."

Kikombe kiliwekwa mezani. Mikono ya Zaituni ilisimama juu ya ungo. Nami nilisubiri lile neno la nyuma ya bati, nililisubiri kama mtoto anavyosubiri baba yake aseme jambo ambalo nyumba nzima inalijua. Mzee Rajabu alikohoa. "Wewe ndiye mwenye mali," alisema. Zaituni akaanza tena kuchambua mchele, haraka zaidi, na hakuinua macho.

Nimeishi miaka mingi baada ya siku hiyo, nami nimewaona watu wenye ujuzi wakinyamaza mbele ya wenye haraka, mashambani, makanisani, na hata hospitalini wakati babu yenu anaumwa. Sikumdharau Mzee Rajabu siku ile na simdharau leo. Alikuwa na mafundi wa kulisha. Lakini nilijifunza kwamba kujua ni kazi moja na kukataa ni kazi nyingine, na wengi wanaomaliza ya kwanza huwa wamechoka kuianza ya pili.

Jumamosi alasiri tulilijaribu turubai pale uani. Mimi nilizungusha mkono, likatoka taratibu, jipya, limenyooka, miguu yake miwili ikasimama chini, na watu wa mtaani wakaja kutazama. Upepo wa Meru hauji kama upepo wa pwani. Kule alikotoka Mzee upepo husukuma siku nzima kwa nguvu ileile, na mtu huuzoea kama anavyoizoea sauti ya mkewe. Wa kwetu hutulia mpaka ukausahau, kisha hushuka kutoka mlimani kama ng'ombe aliyekata kamba. Ulishuka. Turubai lilivimba, miguu ikaachana na ardhi, na mimi niliyekuwa nimesimama karibu na gari niliuona ukingo wa paa, pale skrubu zilipoingia, ukiinuka na kurudi, ukiinuka na kurudi, kama kope la mtu anayeota. Kisha upepo ukatulia, watu wakapiga makofi. Nilimgeukia Mzee Rajabu. Alikuwa anatazama palepale nilipokuwa natazama.

"Umeona, Mzee?"

"Nimeona turubai limeshonwa vizuri."

"Nauliza bati."

"Binti," alisema kwa ile sauti yake ndogo, "kunja."

Nilikunja. Dereva aliyekuwa ameajiriwa alikuwa pale, kijana wa Kimeru anayeitwa Elifasi, mtu wa upande wetu wa mlima, mpole, mwenye sweta ambalo hakulivua hata joto likizidi. Nilimweleza kwa lugha ya kwetu nilichokiona. Aliniambia, "Dada, mimi naendesha. Mambo ya paa ni ya mafundi." Baraka ananiuliza sasa hivi kama huyu Elifasi ndiye aliyekuwa babu yake. Siye. Asiingize mapenzi mahali palipokuwa na bolti.

Jumapili nilirudi kutoka kanisani, nikapika loshoro, mahindi na maziwa ya mgando kama wanavyopenda kwetu, chakula ambacho Zaituni alikuwa amezoea kukicheka na kukimaliza. Tulikula kutoka bakuli moja. Aproni ilikuwa imening'inizwa kwenye msumari nyuma ya mlango, imepigwa pasi, nyeupe kuliko kitu chochote kilichokuwa katika chumba kile.

"Usikae chini yake," nilimwambia.

"Nikae wapi? Jiko langu liko chini yake."

"Pikia juani."

"Kivuli kipo, nami nipikie juani? Watasema mpishi ana wazimu."

"Basi usiende."

Aliweka kijiko chini. "Nakunda, hujawahi kunitakia baya. Usianze leo."

"Umesikia mwenyewe walivyosema nyuma ya ukuta. Nami nimeona bati likiinuka. Kule Ngarenanyuki upepo ni mara mbili ya huu. Kasha lile likikatika—"

"Likikatika! Kila kitu kinaweza kukatika. Hata kitanda hiki kinaweza kukatika, na bado tunalala." Kisha sauti yake ikashuka. "Wewe unashona kitu, kinakaa, watu wanakitazama. Mimi nimepika tangu nikiwa mtoto, na sijawahi kuona mtu akikaa kitako kula chakula changu. Niache niende."

Tulimaliza loshoro kwa zamu, kijiko chake, kijiko changu, kama watu wanaochimba shimo moja.

Hapa lazima nieleze jambo la kwetu, maana Baraka amekulia Njiro na hajui. Kule mlimani, enzi zile, mwanamke hakupanda juu ya paa la nyumba ambamo mwanaume analala. Hakuezeka, hakuziba panapovuja, hata moto ukishika alipitisha maji kutoka chini. Akipanda, nyumba hiyo ilihesabiwa kuwa imekanyagwa, na hakuna mwanaume ambaye angeingia kulala humo mpaka mzee aitwe, aje na maziwa na majani ya isale, aitakase. Isale ni mmea wenye majani marefu ya kijani tunaoupanda mipakani; ni jani la amani na la msamaha, na anayeletewa jani hilo kwa mkono hawezi kulikataa. Sisi tulikuwa tumebatizwa wote. Lakini ubatizo ulikuwa umeingia nyumbani kwa mlango, na mambo hayo yalikuwa yamekaa juu, kwenye mapaa, ambako mchungaji hakutazama.

Jumatatu asubuhi kombi ilikuwa imesimama langoni, imeoshwa, pua yake ikitazama barabara. Zaituni alikuwa ameketi kwenye kizingiti cha mlango wa kusukuma, ndani ya aproni yake, sufuria zake miguuni. Nilimwendea Bwana Temba kwa heshima, nikamwamkia, nikamwomba aahirishe safari ili dari lifunguliwe. Alinitazama kwa upole, kama mtu anavyomtazama mbuzi aliyeingia dukani. "Binti, wewe ni mshonaji au mwenye gari?" Nilimwomba Mzee Rajabu aseme. Mzee alitazama barabara. Basi nikajifunga khanga kiunoni, nikachukua ngazi ya karakana, nikaiegemeza ubavuni mwa kombi, nikapanda.

Sikupanda kwa hasira. Ningependa hilo liandikwe wazi. Nilivua viatu chini ya ngazi, kama tulivyofundishwa, nikasimama juu ya bati kwa miguu mitupu, na likabonyea kidogo chini ya uzito wangu, nami nikahisi kwa nyayo jinsi lilivyokuwa jembamba. Wauza duka walitoka. Wanawake waliokuwa wakichota maji walitua ndoo. Mtu mmoja akapiga mluzi. Mlima ulikuwa wazi kabisa mbele yangu, hauna hata wingu, nami nikafikiri kwamba pengine kuna mtu wa kwetu huko juu anayeniona.

"Teremka, binti," alisema Mzee Rajabu.

"Nitateremka, Mzee. Nimemaliza."

"Umemaliza nini?"

Hakuelewa. Lakini Elifasi, aliyekuwa amekwisha kukaa kwenye usukani, alifungua mlango wake polepole, akatoka, akarudi nyuma mpaka akaniona mzima, kutoka kichwani hadi nyayo. Uso wake ulibadilika. Aliingiza mkono dirishani, akachomoa ufunguo, akauweka juu ya meza ya muuza kahawa.

"Siendeshi," alisema. "Nyumba imekanyagwa."

"Nyumba gani?" aliuliza Mzee Rajabu, na hiyo ndiyo siku pekee nilipoisikia sauti yake ikipanda. "Hili ni gari! Lina magurudumu!"

"Lina kitanda, Mzee wangu?"

"Lina kitanda."

"Lina jiko?"

"Lina jiko, lakini—"

"Lina mlango na mapazia. Mwanaume analala humo na moto unawaka humo. Kwenu Pangani kitu hicho mnakiitaje?"

"Kwetu tunakiita bahati!" alidakia muuza kahawa, na watu wakacheka.

Bwana Temba hakucheka. "Elifasi, wewe umebatizwa."

"Nimebatizwa, Bwana. Na baba yangu amebatizwa. Lakini sijamwona baba yangu akilala katika nyumba iliyokanyagwa."

"Wazee hawa!" alisema Bwana Temba, ingawa Elifasi alikuwa kijana. Akachukua ufunguo mwenyewe kutoka kwenye meza ya kahawa, akafungua mlango wa dereva, akaweka mguu mmoja ndani. Alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa biashara, amevaa koti. Lakini naye alikuwa mtu wa mlima, mlima mwingine tu. Alikaa hivyo, mguu ndani, mguu nje, akatazama juu akaniona, akatazama dari lake lililong'aa. Kisha akautoa mguu, akasema kwamba amekumbuka ana shughuli kanisani. Siku ya Jumatatu.

Wageni walisubiri hotelini mpaka wakachoka, wakachukuliwa na mtu mwingine, mwenye gari lake na mpishi wake. Habari hiyo ilipofika, mimi nilikuwa nimekwisha kuteremka, nimesimama na ngazi mkononi. Zaituni alitoka kwenye kizingiti. Alifungua kamba za aproni, akaikunja vizuri, pindo juu ya pindo, akaiweka kwenye kiti cha gari. Kisha akanijia karibu, karibu kuliko mtu anavyomjia adui.

"Hukupanda kwa ajili ya upepo," aliniambia. "Ulipanda ili uonekane."

Nilikuwa na ngazi mikononi, na mtu mwenye ngazi mikononi hawezi kumkumbatia mtu wala kumpiga.

Bwana Temba alituma mlimani, na ikachukua majuma mpaka mzee anayefaa akapatikana na kukubali kuja kutakasa kitu chenye magurudumu. Katika kungoja huko, kombi ikiwa imelala bila kazi, Mzee Rajabu aliingia ndani yake peke yake. Hakumtuma fundi. Tulisikia mbao za dari zikitoka moja moja, kisha keekee ikitoboa bati, kisha spana ikikaza. Alipotoka alikuwa na vumbi kichwani, na hakusema neno kwangu siku hiyo wala siku nyingine kuhusu jambo hilo. Dari lilirudi na alama, kama alivyosema. Aliniacha niendelee kushona mahema, lakini hakuniita tena kwenye kazi ya gari. "Siwezi kuwa na fundi anayepanda juu ya neno langu," alimwambia mtu nyuma ya ukuta wa mbao, akijua kwamba nasikia. Mzee wa mlimani alipokuja, alinyunyiza maziwa, akanipa majani ya isale, nami nikayapeleka kwa mikono miwili kwa Elifasi na kwa Bwana Temba, nao wakayapokea, kwa kuwa hayakataliwi.

Kombi ile ilizunguka mlima miaka mingi, na kivuli chake hakikuanguka kamwe. Na hapo ndipo penye ugumu, Baraka. Kitu ambacho hakikuanguka hakina shahidi. Pengine skrubu zingeshika. Pengine bati la Ulaya lilikuwa na nguvu kuliko nilivyoliona. Hakuna mtu Kaloleni aliyewahi kusema kwamba nilimwokoa mtu. Walisema kwamba nilipanda, na watoto walinifuata wakiniita Mama Paa. Sikuomba radhi kwa kupanda, na leo ningepanda tena. Lakini Bwana Temba alimchukua ndugu wa mke wake kuwa mpishi, na hilo sikuwa nimelikusudia.

Nilikuwa nimebakiza isale moja, ncha nzima pamoja na kikonyo chake. Nilimpelekea Zaituni chumbani, wakati anafunga vitu vyake ili ahamie kwa shangazi yake, mwisho wa Kaloleni.

"Hili ni la kupikia au la kutupa?" aliuliza.

"Ni la kukaa nalo."

Sikumweleza. Isale likielezwa linakuwa hotuba. Alilichukua, akalichomeka katika sufuria juu ya vijiko, akaondoka. Baadaye alifungua mgahawa wake mwenyewe, na nilisikia kwamba ndani yake ilikuwa marufuku kula ukiwa umesimama. Mwisho wa mwaka ule nilirudi mlimani. Tulikutana sokoni mara kwa mara katika miaka hiyo yote. "Salama?" "Salama." Basi.

Ijumaa, msibani, niliketi mkekani pamoja na wanawake wa Kaloleni, na hakuna aliyenijua isipokuwa kwa umri wangu. Nilipoaga, binti wa marehemu, Mwajuma, alinifuata mpaka mlangoni. "Shikamoo, mama. Wewe ndiye Nakunda?" Nilimwambia ndimi. Aliinama nyuma ya mlango, akatoa kopo kubwa la rangi, na ndani yake isale limesimama, refu, majani yakimfika kifuani.

"Mama alisema akija mwanamke wa mlimani anayeitwa Nakunda, nimpe hili, nisiseme kitu."

"Alijua ni jani gani?"

Alisita, kwa kuwa alikuwa ameambiwa asiseme. "Kulikuwa na dereva mmoja mzee, mtu wa kwenu, alizoea kuja kula kwetu. Aliliona mlangoni akamweleza Mama. Mama hakusema kitu siku nzima, hata wateja wakauliza kama anaumwa. Kesho yake akalihamishia kwenye kopo kubwa zaidi."

Kwetu isale halikataliwi. Nililipokea kwa mikono miwili.

Sasa kopo hilo liko hapa kizingitini, karibu na miguu yangu. Nimemwuliza Baraka kuna nini nyuma ya bati la gari lake, naye amekaa kimya kama alivyokaa Mzee Rajabu. Ngazi yake bado imeegemea ubavuni. Gari lile lina kitanda, lina jiko, lina mlango na mapazia, na mimi, ingawa nimezeeka, magoti yangu bado yanapanda. Nimekwisha kuvua viatu. Ameniona, na akimaliza mstari huu ataweka kalamu chini akalifungue dari.